Wiki Tano za Kusubiri: Kuendesha Nyumba Kabla ya Universal Credit Kuingia (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza ni nani anayeruhusiwa kuomba Universal Credit, malipo ya serikali kwa wenye kipato kidogo nchini Uingereza, tukasisitiza kwamba mwenye viza inayomzuia kupokea fedha za umma asijaze ombi kabla ya kumwona mshauri wa uhamiaji. Leo tumfuate aliyekwisha kuomba. Ombi limepokelewa, mahojiano ya Jobcentre, ofisi ya kazi ya serikali, yamepita, lakini mfukoni hamna kitu na mwenye nyumba anadai chake.

Nina neno moja la kumwambia. Anayesubiri malipo haya ana mapengo mawili. La kwanza ni wiki tano kabla ya fedha kuingia. La pili huanza siku ile ile zinapoingia, kwa sababu ndizo za kula mwezi mzima unaofuata. Familia nyingi hujiandaa kwa pengo la kwanza tu. Fedha za kwanza zikifika, zote huishia kwenye madeni ya kusubiri, na katikati ya mwezi watu wanakopa upya. Mapengo haya yapangwe kwa pamoja, tangu siku ya ombi.

Wiki tano zilitoka wapi?

Universal Credit iliwekwa na sheria ya mwaka 2012 na kuanza kutolewa Aprili 2013 huko Ashton-under-Lyne, ikiunganisha malipo sita yaliyokuwa yakitolewa mbalimbali. Walioibuni walitaka ifanane na mshahara: ilipwe kila mwezi, na ilipwe mwezi ukishapita. Kwa muda fulani kusubiri kulikuwa wiki sita, maana siku saba za kwanza hazikulipwa kabisa. Siku hizo ziliondolewa Februari 2018, zikabaki wiki tano.

Naona mpango huo ulimsahau mtu wa kipato cha chini. Anayesafisha ofisi usiku au kupanga mizigo ghalani kwa ujira wa wiki hakuachishwa kazi akiwa na mshahara wa mwezi mkononi. Kumwambia asubiri wiki tano ni kumwambia akakope. Hata hivyo, maadamu utaratibu ndio huo, tuujue vizuri ili usituumize zaidi ya inavyobidi.

Ijue tarehe yako

Tarehe ya malipo inaweza kuhesabiwa. Mwezi wa tathmini huanza siku ulipowasilisha ombi, na malipo huja siku saba baada ya mwezi huo kwisha. Aliyeomba tarehe 3 Machi, tathmini yake huisha tarehe 2 Aprili, na fedha zake huingia tarehe 9. Baada ya hapo atalipwa kila tarehe 9, na siku hiyo ikiangukia mwishoni mwa wiki au sikukuu, hulipwa siku ya kazi iliyotangulia. Iandike tarehe hiyo, kisha uandike chini yake kila kitakachodaiwa kabla yake.

Angalia pia mshahara wako wa mwisho. Ukiingia ndani ya mwezi wa tathmini, kwa kawaida hupunguza malipo ya kwanza kwa senti 55 katika kila pauni, isipokuwa kwa wenye watoto au ugonjwa unaopunguza uwezo wa kufanya kazi, ambao husamehewa kiasi fulani kwanza. Ukiingia kabla ya ombi, huhesabiwa kama akiba. Lakini kuchelewesha ombi nako kunapoteza siku. Kwa hiyo mwone mshauri wa Citizens Advice kabla ya kuwasilisha. Huduma yao ni ya bure.

Kipi kilipwe kwanza

Tanguliza kodi ya nyumba, umeme na gesi, kodi ya halmashauri, na chakula. Simu ya mkataba, samani za mkopo na kadi za benki zina kelele nyingi, lakini hazikutoi nyumbani mwezi huo. Mwandikie mwenye nyumba mapema, umtajie tarehe yako ya malipo. Mpangaji anayeeleza husikilizwa kuliko anayejificha. Mwenye mita ya kulipia kabla aipigie simu kampuni ya umeme wakati umeme ungali upo, aombe salio la dharura.

Kuna haki tatu ambazo wengi huziacha mezani. Punguzo la kodi ya halmashauri halimo ndani ya Universal Credit. Huombwa peke yake kwenye halmashauri, nalo liombwe siku ile ile. Aliyekuwa akipata Housing Benefit, msaada wa kodi ya nyumba, huendelea kulipwa wiki mbili baada ya kuhamia Universal Credit, na fedha hizo harudishi. Malipo ya mtoto, Child Benefit, nayo yana njia yake, na mzazi anayelea peke yake anaweza kuomba ayapate kila wiki. Chakula kikikatika, shule, daktari au Citizens Advice wanaweza kukuelekeza benki ya chakula. Mlango huo upo kwa ajili ya siku kama hizo, na mzazi anayeubisha hana cha kuonea haya.

Adivansi ni deni

Serikali hutoa adivansi ya hadi malipo kamili ya mwezi mmoja. Haina riba, jambo litakalowatuliza wasomaji wengi wa pwani. Lakini ni fedha zako mwenyewe za kesho, na dawa ya deni ni kulipa. Tuchukue mtu asiye na mwenza wala watoto, aliyefikisha miaka 25, ambaye posho yake ya msingi katika mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa pauni 400.14 kwa mwezi. Akichukua adivansi ya pauni 400 na kuirudisha kwa miezi 24, atakatwa karibu pauni 16.67 kila mwezi, kuanzia malipo ya kwanza. Akichukua 200, makato ni nusu ya hayo.

Basi usiulize, "Naruhusiwa ngapi?" Uliza, "Napungukiwa ngapi hadi tarehe yangu?" Ukope kiasi hicho. Wala usiikatae adivansi ukamkimbilia mkopeshaji wa mtaani au wa simu, mwenye riba inayopanda kila wiki.

Jamaa na upatu

Wengi wetu tulioko Uingereza tuna watu wanaotutegemea Unguja, Mombasa au Bukavu. Mwambie mama ukweli mapema: "Mama, miezi hii miwili sitaweza kutuma." Ni maneno mazito kutamka, lakini ni nafuu kuliko kutuma fedha za kodi kisha ukatafuta pa kulala. Kama uko kwenye upatu, mwombe kijumbe akubadilishie zamu, au akupumzishe mpaka mzunguko ujao. Upatu uliundwa na watu wanaofahamiana, na kufahamiana huko ndiko kunakowezesha ombi kama hilo.

Pengo la pili

Fedha za kwanza zikiingia, tenga kodi ya nyumba siku hiyo hiyo, kwa kuwa huko England sehemu ya nyumba kwa kawaida hulipwa mkononi mwa mpangaji. Kinachobaki kigawe mafungu manne na ziada ya siku mbili tatu, ule fungu moja kila wiki. Madeni ya kusubiri yalipe kidogo kidogo kwa makubaliano, yasimeze mwezi mzima. Wakazi wa Scotland wanaweza kuchagua kulipwa mara mbili kwa mwezi, na huko Ireland Kaskazini huo ndio utaratibu wa kawaida. Kwingineko, anayeshindwa kabisa kufikisha mwezi anaweza kuomba Jobcentre impe malipo ya karibu karibu, au ilipe kodi moja kwa moja kwa mwenye nyumba.

Wiki ijayo tutaeleza makato: yapi halali, na nini kilibadilika Aprili 2025, kiwango cha juu kiliposhushwa kutoka asilimia 25 hadi 15 ya posho ya msingi.