FAIDA YA KUCHANGIA UTAFITI WA SARATANI YA MAPAFU

Huenda mmekwisha kusikia kwamba wanafunzi wa zamani tukaao Gitega na Muyinga tunakusudia kufanya tafrija mbili, moja katika kila mji, ili kukusanya fedha za kusaidia utafiti wa saratani ya mapafu. Jambo hili limezusha maneno. Mzee mmoja wa Muyinga aliniuliza, "Mwanangu, wagonjwa wetu hawana nauli ya kwenda hospitali, nanyi mwataka kuwapa fedha watu wa kusoma vitabu?" Swali hilo ni la haki. Kwa hiyo nimeona vema nilijibu hapa, ili kila mtu atoe au asitoe akijua sababu.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho. Kila chembe huzaliwa, hufanya kazi yake, kisha hufa, na nyingine hushika mahali pake. Saratani ni chembe zilizoasi amri hiyo. Huzaana bila kukoma, hufanya uvimbe, na mwisho hutawanyika mwilini. Ikianza mapafuni, mgonjwa huwa na kikohozi kisichopona, makohozi yenye damu, maumivu ya kifua na kukonda. Hapo ndipo ilipo hatari, maana dalili hizo hufanana sana na za kifua kikuu, ambacho katika nchi zetu kinajulikana zaidi. Hutokea mtu akanywa dawa za kifua kikuu miezi mingi, na kumbe saratani inaendelea kukua. Mwaka 2022 ilikadiriwa kwamba watu milioni 2.5 ulimwenguni waligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu, na milioni 1.8 walikufa kwayo. Hakuna saratani nyingine iuayo watu wengi kama hiyo.

Sasa, utafiti ni kitu gani? Wengi wetu tukisikia neno hilo huwaza mashine za thamani kubwa. Lakini mara nyingi utafiti huanza kwa kuuliza na kuhesabu. Mwaka 1950 mabwana wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitoa habari za wagonjwa 709 wa saratani ya mapafu na wengine 709 wa maradhi mengine, walioulizwa maswali yale yale juu ya maisha yao. Doll alidhani labda mkosaji ni moshi wa magari au lami ya barabara. Hesabu ikaonyesha kuwa ni sigara, naye mwenyewe akaacha kuvuta.

Karibu na kwetu alikuwapo Denis Burkitt, daktari wa kupasua katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kama kilomita 16,000, toka Uganda hadi kusini mwa Afrika na kurudi, wakiuliza kila hospitali kama imeona watoto wenye uvimbe wa taya. Waligundua kwamba ugonjwa huo hupatikana sana katika nchi za joto na mvua, na kwamba hupungua milimani. Mwaka 1964, katika vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kutoka Kampala, wataalamu waliona kirusi kinachohusika nao. Fedha za safari ile zilikuwa chache, lakini faida yake ipo hata leo.

Na sisi tunayo maswali yetu. Mama zetu hupika kwa kuni juu ya mafiga, katika jiko lisilo na pa kutokea moshi, na wazee wetu wengine huvuta tumbaku kwa kiko. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, limekata shauri kwamba moshi wa makaa ya mawe nyumbani husababisha saratani. Juu ya moshi wa kuni limesema tu kwamba yaelekea husababisha, kwa kuwa ushahidi haujatosha. Je, nani ataukamilisha ushahidi huo, ikiwa wapikao kwa kuni hawahesabiwi?

Ni kweli kwamba kwa miaka mingi Warundi wanaohitaji tiba ya mionzi wamelazimika kuvuka mpaka kwenda Kigali, Kampala au hata Dar es Salaam. Lakini tuangalie kazi ya kwanza tunayotaka kuilipia: kupima kipande cha uvimbe ili ugonjwa ujulikane kwa hakika, na kumwandika kila mgonjwa katika daftari, kama ifanywavyo Kampala tangu mwaka 1951. Mtafiti hupata hesabu yake, na mgonjwa hujua ugonjwa wake kabla ya kuuza ng'ombe kwa ajili ya safari.

Jambo moja tumelikataa, nalo ni fedha za wauza sigara. Mnamo Januari 1954 makampuni ya sigara ya Marekani yalitangaza katika magazeti zaidi ya 400 kwamba yatasaidia utafiti. Miaka mingi fedha zao zilitumika kuwatia watu shaka juu ya ukweli uliokwisha kujulikana.

Michango si jambo geni kwetu. Katika arusi hutoa intwererano, kila mtu kwa uwezo wake, na jina lake huandikwa. Ndivyo tutakavyofanya. Ngoma zitapigwa, nyimbo zitaimbwa, na hesabu itasomwa mbele ya wote. Haba na haba hujaza kibaba.

Nanyi mnaosoma sasa, msio na fedha, mnaweza kutoa kilicho bora zaidi: msiianze sigara, na mkiona nyumbani mtu akohoa zaidi ya majuma mawili, msimwache mpaka amekwenda kupimwa.