MZIGO WA KIRAKA KWENYE SAKAFU NA PAA: DHANA, ISTILAHI NA UWEKAJI WAKE KATIKA PROGRAMU ZA USANIFU WA MIUNDO

1.0 Utangulizi

Neno *mzigo* lina uwanja mpana wa maana katika Kiswahili. Hutumika kwa kitu kinachobebwa, kwa uzito wa kitu hicho, na hata kwa jukumu linalomlemea mtu. Katika uhandisi wa ujenzi maana inayohitajika ni finyu zaidi: mzigo ni nguvu inayoukabili muundo, nayo hupimwa kwa kilonyutoni, si kwa kilogramu. Makala haya yanaeleza aina moja ya mzigo huo, yaani ule unaokaa mahali padogo pa sakafu au paa, pamoja na namna unavyoingizwa katika programu za kompyuta zinazotumiwa kusanifu majengo. Suala hili lina sura mbili, ya kiistilahi na ya kiufundi. Itadhihirika kwamba sura hizo haziachani, kwa kuwa mtumiaji wa programu hulazimika kwanza kuupa mzigo jina kabla ya kuupa tarakimu.

2.0 Istilahi

Programu nyingi humtaka mtumiaji achague umbo la mzigo. *Mzigo wa nukta* hukaa mahali pasipo na upana wowote. *Mzigo wa mstari* hufuata urefu, kama ukuta uliojengwa juu ya boriti. *Mzigo wa eneo* hutandazwa juu ya bamba la zege. Baina ya nukta na eneo zima la chumba pana mzigo unaofunika sehemu tu ya bamba, kama vile tangi la maji, kabati la chuma la kuhifadhia fedha, au mtambo wa kupoza hewa. Huu ndio unaoitwa hapa *mzigo wa kiraka*. Jina hilo linafaa kuliko "mzigo wa mahali", kwa sababu kila mzigo una mahali pake, ilhali kiraka ni kitu chenye mipaka na vipimo, na hivyo ndivyo programu inavyokidai.

3.0 Wastani na yale unayoyaficha

Tuchukue tangi la lita 5,000 juu ya paa bapa la zege lenye mita 6 kwa 8. Maji peke yake yana uzito wa kilonyutoni 49. Yakigawanywa kwa mita za mraba 48 za paa zima, hupatikana takriban kilonyutoni 1.02 kwa mita ya mraba, kiasi kisichomtisha msanifu yeyote. Lakini kitako cha tangi chenye kipenyo cha mita 1.8 kina eneo la mita za mraba 2.54, na shinikizo la kweli chini yake hufikia kilonyutoni 19.3 kwa mita ya mraba.

Athari zake huonekana wazi katika boriti moja ya mita 6 iliyoegemezwa ncha zote mbili na kubeba mzigo huo wote. Kilonyutoni 49 zikitandazwa sawasawa, momenti ya mpindo katikati ni 36.75 (kilonyutoni-mita). Zikichukuliwa kuwa nukta katikati ya boriti, momenti huwa 73.5, yaani mara mbili kamili. Zikiwekwa kama kiraka cha urefu wa mita 1.8, huwa 62.5. Kiraka, basi, hakikuzi hatari wala hakiifichi. Tena tangi likisogezwa hadi ukingo wake uguse egemeo, momenti hupungua, lakini nguvu inayobebwa na egemeo hilo hupanda kutoka 24.5 hadi kilonyutoni 41.65. Kwa hiyo mahali pasipo na hatari ya mpindo huweza kuwa na hatari ya kukatika.

Kanuni za usanifu zimelitambua jambo hili zamani. Kanuni za Ulaya za mwaka 2002 kuhusu mizigo ya majengo hutaka sakafu ihakikiwe pia kwa mzigo mmoja uliokusanyika, usiochanganywa na ule uliotandazwa. Kwa paa lisilokanyagwa ila wakati wa matengenezo, zinapendekeza kilonyutoni 0.4 kwa mita ya mraba, au kilonyutoni 1.0 iliyokusanyika, kiasi kinachomfaa fundi mmoja na vifaa vyake. Nchini Marekani sakafu ya ofisi huhakikiwa kwa kilonyutoni 8.9 juu ya mraba wenye upande wa milimita 762. Hata hivyo, viwango hivyo ni vya chini kabisa. Tangi au mtambo unaojulikana huhesabiwa kwa uzito wake wenyewe.

4.0 Uwekaji katika programu

Kosa la kwanza hutokana na namna programu inavyolielewa bamba. Katika programu nyingi bamba laweza kuwa kipokezi tu: hupokea mzigo na kuugawa kwa boriti, lakini lenyewe halihakikiwi. Mtumiaji akichora kiraka juu ya bamba la aina hiyo, boriti zitapata sehemu zao na kurasa za matokeo zitatoka safi, ilhali hakuna aliyeuliza kama bamba lenyewe litahimili.

Kosa la pili ni la kinyume chake. Bamba linapochanganuliwa kwa njia ya kulikatakata kuwa vipande vidogo vilivyounganishwa kwenye vifundo, mzigo wa nukta hutoa momenti isiyo na kikomo: kadiri vipande vinavyofanywa vidogo, ndivyo tarakimu iliyo chini ya nukta inavyopanda. Msanifu mgeni huidhania kuwa usahihi unaongezeka, kumbe anakimbiza kivuli cha dhana ya nukta yenyewe. Dawa ni kuipa nukta upana wake wa kweli, kisha kuvifanya vipande vya bamba kuwa vidogo kuliko kiraka. Kiraka kikiwa kidogo kuliko kipande kimoja, programu hukigawa kwa vifundo vya jirani na umbo lake hupotea.

5.0 Mzigo unaohama

Duka kubwa la Sampoong mjini Seoul, Korea Kusini, liliporomoka tarehe 29 Juni 1995 na kuua watu 502. Sababu zilikuwa nyingi: nguzo zilikuwa nyembamba kuliko zilivyosanifiwa, na ghorofa ya tano iliongezwa baadaye. Lakini mojawapo inahusu mada hii moja kwa moja. Mitambo ya kupoza hewa iliyokuwa juu ya paa ilihamishwa mwaka 1993 kutokana na malalamiko ya majirani kuhusu kelele, nayo haikunyanyuliwa kwa winchi bali iliburutwa juu ya paa lenyewe. Bamba lilikaa moja kwa moja juu ya nguzo bila boriti, na katika muundo wa namna hiyo nguzo huweza kulitoboa bamba pale mzigo unapozidi karibu nayo. Nyufa zilijitokeza kwenye njia ya mitambo hiyo.

Kwa mzigo wa namna hii, kiraka kimoja mahali pa mwisho hakitoshi. Huwekwa viraka kadhaa kufuata njia yote ya kuhamishia, kila kimoja kikiwa hali ya mzigo inayojitegemea, na utoboaji huhakikiwa kwenye kila nguzo iliyo kando ya njia hiyo.