Kutengeneza tovuti: chombo kinapita, msingi unabaki

Vijana wengi wa Goma, Bukavu na Bunia wanaojifunza kutengeneza tovuti wako na swali moja: wajifunze nini, wakati kila mara chombo kipya kinatokea na mega ni bei kali?

Mfano wa Flash unajibu. Kwa miaka mingi programu hiyo ndiyo ilichezesha video na michezo ndani ya tovuti, na watu walilipa masomo ili waijue. Mwaka 2007 simu ya iPhone ilitoka bila kuikubali. Tarehe 31 Desemba 2020 kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia. Tovuti zilizoitegemea zikabaki na nafasi tupu.

Lakini HTML inayopanga maandishi, JavaScript ya mwaka 1995 inayofanya ukurasa umjibu anayebofya, na CSS ya mwaka 1996 inayotoa rangi na umbo, zote ziko hai. Zinaongezewa mambo mapya, ila msingi ni ule ule. Hata React, iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, imejengwa juu ya JavaScript.

Basi anayeanza aanze na hizo tatu. Mazoezi yake hayaombi mega: kompyuta, programu ya kuandikia na brauza vinatosha, hata siku mtandao umekatika. Chombo kipya atakifuata wakati kazi inakihitaji. Na kabla ya kulipa masomo, amuulize mwalimu: hiki kikiachwa kesho, nitabaki na nini mkononi?