Je, Wajua? Kutoka Wabera Hadi Wabera kwa Ndege

Katikati ya jiji la Nairobi kuna barabara iitwayo Wabera. Mjini Isiolo kuna wadi ya Wabera. Jina ni la mtu mmoja, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliyeuawa Juni 1963 pamoja na Chifu Hajji Galma Dido, miezi michache tu kabla ya uhuru. Je, wajua ni mwendo gani kati ya Wabera hizo mbili?

Kwa gari, ukipitia Thika, Karatina, Nanyuki na Timau, ni kama kilomita 270. Ukipiga mstari mnyoofu kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi hadi ule wa Isiolo, zinabaki 200 na ushei. Vikokotoo vya safari za ndege vilivyojaa kwenye intaneti huuchukua mstari huo, huugawanya kwa mwendo wa jeti, kilomita 800 hivi kwa saa, kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kwa London na Paris, kilomita 340 hivi, hesabu haiendi kombo sana: katikati ni mashamba na mkono mwembamba wa bahari. Kwa Isiolo utaambiwa dakika 45.

Kikokotoo hakioni mlima. Huo mstari mnyoofu, ukiuchora kwenye ramani, unapita kilomita chache tu mashariki ya Batian, kilele cha Mlima Kenya chenye mita 5,199. Jeti kubwa haijali, inapita juu. Lakini ndege ndogo kama Cessna Caravan, yenye propela moja, haina mtambo wa kushindilia hewa ndani. Rubani akikaa muda mrefu juu ya mita 3,000 na kitu anahitaji oksijeni ya mtungi, kwa hiyo njia ya busara ni kuuzunguka mlima. Na mlima wenyewe una tabia ya kujifunika mawingu. Julai 2003 ndege ya kukodi iliyotoka Wilson kwenda Samburu, jirani kabisa na Isiolo, iligonga Point Lenana, kilele kingine cha mlima huo. Watu wote 14 waliokuwemo walikufa.

Sasa piga hesabu upya. Mzunguko ukifikisha safari kilomita 220, na ndege ikienda 300 kwa saa, hizo ni dakika 44 za angani kabla hujahesabu kupaa wala kutua.

Uwanja wa Isiolo nao una mambo yake. Ulifunguliwa rasmi 2017, umekaa juu ya mpaka na Meru, na kaunti hizo mbili zimeuvutania kweli. Njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita 1.4 hivi. Isiolo iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na jua lake ni kali. Hewa ya juu na ya moto ni nyepesi: mabawa hupata nguvu kidogo ya kuinua, injini nayo hupungukiwa, hivyo ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Ndio maana wakulima wa miraa waliotarajia madege makubwa ya mizigo wamekuwa wakidai njia irefushwe. Jeti kubwa ya abiria, ile ambayo kikokotoo kinaipigia hesabu, haiwezi kuondoka hapo ikiwa imejaa.