KWA NINI MICHE YA MVULE INAKUFA?



Seremala wote wanausifu mvule. Huko Kinshasa wauza mbao wanauita kambala, na Wazungu wanauita iroko. Mbao zake ni ngumu na haziozi upesi. Katika msitu unaweza kupita mita 40 kwa urefu. Sasa tujiulize: ikiwa una faida hivi, mbona watu hawaupandi kwa wingi kama eukaliptusi?

Wengi wamejaribu. Miche inaota vizuri, kisha vivimbe vya kijani vinatokea kwenye vichipukizi na majani machanga. Nyuma yake ncha inaoza, mche unakauka. Hapo watu wanasema aliyepanda ana mkono mbaya. Hapana! Mwenye kuleta mambo hayo ni mdudu anayeitwa Phytolyma, anafanana na nyenze mdogo sana.

Jike anataga mayai juu ya kichipukizi. Baada ya siku nane hivi mayai yanaanguliwa, na mtoto anatafuta mahali pororo pa kufyonza maji ya mti. Akianza tu kufyonza, chembe za mti zinaongezeka kumzunguka mpaka zinamfunika kabisa. Ni kusema mti wenyewe njo unamjengea mdudu nyumba, tena unamlisha ndani yake. Mvua haimfikii, na dawa ya kupuliza inapita juu ya nyumba bila kumgusa.

Baada ya wiki mbili tatu uvimbe unapasuka, mdudu anatoka na mabawa yake. Lakini nyumba iliyoachwa wazi inaingiwa na kuvu. Uozo unashuka toka kwenye kichipukizi mpaka kwenye sehemu ngumu ya shina. Mti mkubwa una matawi mengi, hauumii sana. Mche una ncha moja tu. Ukitoa nyingine, wadudu wanarudia.

Basi, kwa nini mvule haujaisha msituni? Huko popo wanakula matunda yake na kutupa mbegu mbali mbali. Mche mmoja unaota huku, mwingine kule, chini ya kivuli na katikati ya miti ya namna nyingine. Mdudu huyu anaishi kwa mivule tu, kwa hiyo anapata taabu kuipata. Sisi tunakusanya miche mia pahali pamoja, kwenye jua kali: tumemwandalia karamu!

Wenzangu, tukipanda mvule tufuate msitu. Tuweke miche michache, mbali mbali, tuichanganye na miti mingine yenye kuipa kivuli. Uvimbe ukionekana, tuukate na kuuchoma mbele haujapasuka. Kutunza bustani ya Mungu ni kazi ya mtu, lakini lazima kwanza ajue namna vitu vinavyoishi ndani yake.