Dau Linaloelea na Dau Linalozamisha

 

Sisi tunaoishi Laiser Hill, huku Kajiado, hatuioni bahari. Tunaona nyika, ng'ombe wa jirani zetu Wamaasai na malori ya barabarani. Wengi wetu tulizaliwa Pwani, tukaja huku kwa ajili ya riziki, na watoto wetu wamekulia huku. Kwao wao upepo ni vumbi linaloingia dirishani. Kusi na kaskazi ni majina wanayoyasikia kwa mabibi zao tu. Ndiyo maana kila inapoingia sikukuu ndefu, mwenye uwezo huwafungasha wanawe akawarudisha nyumbani, hata kama ni safari ya kuchosha: Mombasa, Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, ambapo gari hukoma na chombo kikaanza.

Katika safari moja ya namna hiyo, siku za Idd zilizoangukia Agosti, tulifuatana na kijana wa miaka kumi na sita, mtoto wa jamaa zetu. Tunayasimulia haya kwa ruhusa yake na ya mama yake. Tulipofika Lamu tulikuta vijana wa mjini na wenzao wa Shela wameandaa mashindano ya mashua. Miji hiyo miwili imo katika kisiwa kimoja, na baina yake ni mwendo wa kilomita tatu hivi. Vyombo vilikuwa vitoke Lamu, vipande mkondo ulio baina ya kisiwa hicho na Manda, vizunguke mbele ya Shela na kurejea.

Watu walijaa gatini. Kina mama walisimama kwenye kivuli na watoto mikononi, wazee wakakaa barazani. Kijana wetu akatuuliza, "Sheikh, hapa watu wanaweka wapi dau?"

Tukamjibu kwa kumwonyesha, "Madau ni yale pale, mwanangu, yamefungwa kando."

Akacheka. "Si hayo. Dau la pesa." Akatutolea simu, kana kwamba mchezo usiokuwa na fedha ndani yake bado haujaanza.

Mzee mmoja nahodha aliyekuwa amekaa karibu yetu aliyasikia maneno hayo. Hakukasirika. Alisema tu, "Sisi huku, mjukuu wangu, dau ni lile linaloelea. Keti hapa utazame."

Basi tukaketi. Upepo ulikuwa wa kusi, unavuma kutoka upande wa Shela. Mashua zilipoachiwa, iliyotangulia ilielekea Manda badala ya Shela. Kijana akaruka, "Huyu anapotea njia!" Mzee akamfahamisha kwamba chombo cha tanga hakiwezi kuukabili upepo uso kwa uso. Nahodha hukata upande mmoja, akifika anapopataka hugeuza akakata upande wa pili, hivyo hivyo mpaka afike. Huko ndiko kubisha. Anayeng'ang'ania kwenda moja kwa moja, tanga humpigapiga na chombo kikasimama.

Akamwonyesha na mengine. Tanga la mashua ni moja, limefungwa kwenye foromali, na foromali hupandishwa mlingotini kwa henza. Baharia mmoja hushika demani, akiilegeza na kuikaza kadiri anavyoambiwa. Wengine hupanda juu ya ubao uliotokezwa nje upande wa joshini, ili uzito wao uzuie chombo kisilale. Chini yao yapo magunia ya mchanga. Chombo kinapogeuzwa, watu na magunia huhamia upande wa pili kwa wakati mmoja. Akichelewa mmoja, wote wamo majini. Nahodha hushika usukani na kutoa neno moja moja, wala hapana anayemjibu kwa mjadala.

Ilikuwa kama saa moja. Katika saa hiyo simu ilikaa mfukoni. Mashua iliyoshinda haikuwa ile iliyotangulia mwanzo. Tulichokitazama zaidi, hata hivyo, ni waliokuja nyuma. Walishuka, wakapeana mikono na washindi, wakalaumiana kidogo kwa mzaha, kisha wakakunja tanga lao. Chombo chao ni kile kile, na alfajiri ya pili kingekwenda kuvua. Walikuwa wameshindwa, lakini hawakuwa wamepoteza kitu.

Kijana akanyamaza muda mrefu. Kisha akatuambia kwa sauti ya chini kwamba fedha alizopewa na mama yake kwa matumizi ya safari, pamoja na nauli ya kurudi, hazikuwako tena. Alizimaliza njiani, ndani ya basi, akibashiria mipira inayochezwa Ulaya. Mama huyo, ndugu wasomaji, huamka kabla ya alfajiri kukanda unga, akauza mahamri Kitengela. Kila shilingi ya nauli ile ilipita katika mikono yake ikiwa na moto wa mafuta.

Hatukumpigia mama yake simu. Tulimwambia kijana ampigie mwenyewe, kabla ya magharibi. Alipiga. Mama hakupiga kelele; alilia, na tunadhani kelele zingekuwa nyepesi zaidi kwake. Nauli tulimkopesha sisi, na mkopo huo aliulipa kwa kuamka na mama yake kila asubuhi ya likizo, kukanda na kuuza. Alichukua muda kuacha, na mara moja alirudi nyuma. Leo anasema ameacha, nasi tunamwombea.

Wasomaji wetu, dini yetu haikukataza kushindana. Imethibiti katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi waliofunzwa kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa, na wasiofunzwa mwendo mfupi zaidi, na Abdullah bin Umar (r.a.) alikuwa miongoni mwa walioshindana. Imepokewa pia kwamba alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (r.a.), mara ya kwanza Bibi alishinda, na baadaye Mtume akamshinda, akamtania kwamba hii ni kwa ile. Ngamia wake aliyeitwa Adhbaa, ambaye hakuwa akipitwa, alipopitwa na ngamia wa bedui na masahaba wakaona uzito, aliwafundisha kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu kutokinyanyua kitu cha dunia ila hukishusha. Haya ni mafunzo ya kushinda bila kiburi na kushindwa bila chuki.

Kilichokatazwa ni kamari, nayo imetajwa pamoja na ulevi katika Suratul Maida, kwamba kwayo shetani hutaka kutia uadui baina ya watu na kuwazuia na kumkumbuka Mungu na kuswali. Washindani kutoa fedha ili mshindi ale ya wenzake ni kamari. Mtazamaji kubashiria mchezo kwa fedha ni kamari vilevile, na udogo wa kiasi haubadilishi hukumu. Zawadi anayoitoa asiyeshindana ni mlango mwingine, na wanachuoni wameueleza kwa masharti yake; mwenye haja naamuulize mwalimu wake.

Zamani mcheza kamari alilazimika kutoka nyumbani na kwenda mahali pa kujulikana, na majirani wakamwona. Tangu fedha zilipoingia katika simu, mlango huo umo chumbani kwa mtoto, chini ya shuka. Kwa hiyo tunawausia kina mama na kina baba: ombeni kuuona ujumbe wa matumizi ya fedha katika simu za wanenu, kwa upole na kwa mazoea, si kwa kuvizia. Mtoto akikiri, msimfungie mlango wa kukiri mara ya pili. Mkienda nyumbani sikukuu, msiwaache wamelala na simu. Wafunzeni kuogelea, waketisheni kando ya wazee, wajifunze demani ni ipi na joshini ni wapi. Mtoto aliyewahi kushika kamba huku wenzake wakimtegemea hupata furaha ambayo haiuzwi kwa dau la pesa.

Na sisi tulio mbali na bahari tusidhani tumepotea njia kwa kuwa tumeelekea Manda. Huenda tunabisha tu. La muhimu ni kujua Shela iko wapi, na kugeuza kwa wakati.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu, awape kina mama subira na malipo mema, na ajaalie riziki zetu ziwe za halali. Amin.