Mashine ya Kupekecha ya Mlalo na Matengenezo ya Mitambo Mikubwa

Mara nyingi pampu ya maji au giaboksi ya mtambo huwekwa kando na kuombewa fedha za kununua mpya, ilhali kasha lake la chuma ni zima, na kilicholika ni tundu linalokaliwa na beringi tu. Kabla ya kufikia uamuzi huo, ni vyema watumishi wanaosimamia mitambo, pamoja na wananchi wenye mashine zao, waifahamu kazi ya mashine ya kupekecha ya mlalo.

Katika mashine ya kukereza, chuma kinachochongwa ndicho kizungukacho. Kasha zito lisilo na umbo la duara haliwezi kuzungushwa hivyo. Kwa sababu hiyo, katika mashine hii kasha hufungwa juu ya meza, na kinachozunguka ni mhimili uliolala wenye kisu, ambacho huingia tunduni na kulipanua kidogo kidogo. Mnamo mwaka 1775 John Wilkinson wa Uingereza aliunda mashine ambayo fimbo ya kisu ilishikwa ncha zote mbili isipate kupinda. Silinda zilizochongwa humo ndizo zilizoiwezesha injini ya James Watt kufanya kazi bila kuvujisha mvuke mwingi.

Utaratibu wa matengenezo ni huu:

(a) Tundu lipimwe sehemu mbalimbali, kwani aghalabu hulika upande mmoja likawa na umbo la yai.

(b) Kasha lisawazishwe kwa kufuata sehemu ambazo hazijalika, wala lisikazwe kupita kiasi. Chuma kilichobanwa mno hupinda. Kikifunguliwa hurejea kilivyokuwa, na tundu huacha kuwa duara.

(c) Tundu lipanuliwe mpaka duara litimie, lishindiliwe bushi, kisha lipekechwe tena kwa kipimo cha beringi. Kwa chuma cha kusubu, bushi ni salama kuliko kulehemu, kwani moto huweza kukipasua.

(d) Matundu mawili ya shafti moja yapekechwe bila ya kulifungua kasha, ili yawe katika mstari mmoja.

(e) Kipimo cha mwisho kichukuliwe chuma kikiwa kimepoa, kwani joto hukitanua.

Aidha, fundi asivae glavu wala nguo ya mikono mipana karibu na mhimili unaozunguka. Mabaki ya chuma yaondolewe kwa brashi, mashine ikiwa imezimwa.

Desturi ya kuizungushia beringi kipande cha bati ili ikaze haifai. Shafti huendelea kuyumba, beringi mpya hufa upesi, na pampu ikisimama wanaokosa maji ni wananchi.

Ifahamike pia kwamba si kila kasha hutengenezeka. Lenye ufa uliopita tunduni, au lenye ukuta mwembamba usiobakisha nafasi ya bushi, huenda likalazimu kubadilishwa. Lakini hilo huamuliwa kwa vipimo. Kwa hiyo kila ombi la mtambo mpya litanguliwe na vipimo vya fundi vilivyoandikwa, kwani mali ya umma haitupwi kwa dhana.